Tulivyomlilia Zawadi wa Angani

Kila nikipita kituo cha mafuta na harufu ya petroli ikanipiga puani, namwona Baba Adela ameinama nyuma ya nyumba yake kule kijijini kwetu Ndama, anavuta kamba ya jenereta huku anaitukana kwa Kinyambo. Ndiye jirani pekee aliyekuwa na televisheni. Jumapili baada ya misa, watoto tulijazana kwenye mkeka sebuleni kwake tukingoja mashine ikubali kuwaka.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwaka huo Baba Adela alileta kutoka mjini Kayanga tamthilia ya watu wa miaka mingi ijayo, wanaoishi angani, iliyotiwa Kiswahili na mtafsiri mmoja mwenye sauti ya kukwaruza. Huyo huyo alikuwa baba, alikuwa adui, na alikuwa binti wa miaka sita aliyembatiza jina la Zawadi. Msinicheke, tuliamini! Zawadi alisahaulika peke yake ndani ya chombo kilichopasuka, hewa inamwishia, baba yake anamsihi kwa redio asilale. Petroli ikaisha hapo hapo. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Nyumbani kulia kulikuwa marufuku. Mdogo wangu Deo, wa miaka mitatu, alikuwa amelazwa hospitali kwa nimonia, yuko kwenye mipira ya hewa, na Mama alikuwa naye huko. Siku anapelekwa niliona mbavu zake zinavyoingia ndani kila akivuta pumzi. Nilipoanza kulia, Bibi alinifinya mkono.

"Koma! Uchuro huo. Aliye hai haliliwi."

Basi tukanyamaza. Tulimenya ndizi, tukaanika kahawa na kuianua, na jina la Deo hatukulitaja.

Alhamisi jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu. Ulipofika wakati wa nia za maombi, kila mtu akatoa yake. Mimi nami, sijui ujasiri niliutoa wapi, nikasema, "Tumwombee Zawadi, aliyeachwa peke yake na hewa inamwishia."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia wote, kwa moyo kabisa.

Baada ya sala, mwenyekiti wetu, Mama Anitha, akaniuliza kwa upole, "Zawadi wa kwa nani, mwanangu? Tupange siku ya kwenda kumwona."

"Wa kwenye video ya Baba Adela."

Kicheko chake sasa! Mzee mmoja alicheka hadi akapaliwa na chai. Bibi hakucheka. Watu walipoondoka aliniita jikoni.

"Mawe! Ndugu yako yuko kitandani anahangaika, wewe unamwombea mtoto wa picha? Una moyo gani wewe?"

Niliona aibu, nikaamini kweli nina kasoro moyoni.

Jumapili Bibi alijitanda kitenge akanifuata kwa Baba Adela. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani tu. Akaketi mkekani akauliza kwa Kinyambo, "Yuko wapi huyo mtoto?" Nikamwonyesha. Zawadi alikuwa amelala sakafuni, midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka kwa shida. Bibi akaziba mdomo kwa kitenge, machozi yakaanza kumtoka. Nilifurahi, nisiwafiche. Nilidhani sasa amenielewa.

Mwishowe baba alivunja mlango wa chombo, akambeba binti yake. Watoto tukapiga makofi na vigelegele. Bibi alikuwa bado analia, mabega yanatikisika. Nikamvuta kitenge.

"Bibi, ameokolewa! Angalia, mzima kabisa!"

"Nimeona," alisema, akaendelea kulia. Baba Adela alizima jenereta, wenzangu wakatoka, naye bado.

Deo alirudi wiki iliyofuata, amekonda, anadai chakula. Leo ni fundi pikipiki na ana kelele kuliko pikipiki zenyewe. Mimi nimekuwa mama, na hivi karibuni nilikaa wodini na mwanangu siku nne, nimeyabana machozi kwa sababu maneno ya Bibi yananikataza. Hapo ndipo nilipomwelewa. Hakuja kwa Baba Adela kumtazama Zawadi. Alikuwa anatafuta mahali pa kumlilia Deo bila kumchuria, nami, bila kujua, nilikuwa nimemtangulia wiki moja.