Nilimkosesha Mume Wangu Nafasi ya Hakimu

Nimekosa mimi, ndugu zangu, na hakuna wa kumsingizia. Nimemkosea mume wangu, na tangu hapo sikai nikatulia. Nainjika sufuria, naisahau, natoka nje, narudi, sijui hata natafuta nini!

Mume wangu ni mwigizaji, tunaishi Kisarawe. Huenda umemwona. Alianzia jukwaani, akaja redioni, kisha kwenye televisheni, na kote huko nafasi yake moja tu: mlevi. Anapepesuka, anatukana, anaangukia mtaroni, basi. Jina lake halisi watu hawalijui. Na pombe hajawahi kuionja, mtu wa swala tano!

Ila aibu nilibeba mimi. Nikipita sokoni: "Mama Mlevi, mzee kaamka?" Wanangu walitaniwa shuleni hadi wakarudi wanalia. Nikachoka jamani!

Siku moja mzee alikuwa shamba. Akaja kijana mmoja kutoka Kibaha, mtengenezaji wa tamthilia.

"Shikamoo mama. Nimemfuata mzee, kuna nafasi kubwa."

Sikuuliza nafasi gani. Mdomo wangu huu! "Marahaba mwanangu. Mzee presha imemshika, ameshaacha mambo hayo. Tafuteni mwingine."

Mzee aliporudi nikampakulia chakula, nikanyamaza.

Miezi ikapita. Mzee alipokwenda hospitali ya Tumbi, kulekule Kibaha, kumjulia hali mgonjwa, akakutana na yule kijana.

"Pole na presha, mzee. Tulitaka uwe hakimu, mhusika mkuu. Mama akasema umeacha."

Hakimu! Mwenye joho, akiingia watu wote wanasimama! Miaka yote ile aliisubiri nafasi kama hiyo, na walikuwa wameshampa mwingine.

Aliporudi nyumbani hakufoka. Afadhali angefoka! Aliniuliza tu, "Hata kuniuliza, mke wangu?"

Nikalia, nikaomba radhi. Akasema amenisamehe. Lakini zamani alikuwa akifanyia mazoezi sebuleni, tunacheka hadi majirani wanachungulia. Siku hizi anakula, anaswali, analala.

Juzi simu ikaita, wanamtaka mlevi tena. Akaja nayo jikoni, akanishikisha mkononi.

"Ongea nao wewe. Si ndiye unayenijibia?"



Wenzangu, kazi ya mwenzio ikikutia aibu, mwambie mwenyewe, mgombane yaishe. Usimjibie mlangoni hali hayupo! Msamaha nimepewa, lakini yule mume aliyekuwa akinichekesha sijarudishiwa.