Msumari Kwenye Kiatu cha Fundi

Mdogo wangu ni fundi viatu, na kiatu hakitoki kibandani kwake kabla hajaingiza mkono ndani kupapasa misumari. Nimemsifia kwa hilo mtaa mzima mpaka watu wamenichoka. Ndiyo maana siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikuwa nimekaa naye kibandani, mwalimu wa mtaani kwetu akafuata viatu vyake, akaona damu sakafuni.

"Fundi, umechinja?"

Msumari ulikuwa umetoboa soli ya kiatu cha fundi mwenyewe ukaingia kidole gumba. Amekaa nao tangu asubuhi, anapiga soga na kuvuta sigara.

"Wala hauumi," akasema, kama anajisifu.

"Hapo ndipo pabaya," nikamwambia. "Inuka twende."

Kule zahanati, muuguzi, binti wa umri wa kumzaa kabisa, akamwambia afumbe macho. "Baba, nitakugusa nyayo kwa uzi huu. Ukisikia, sema."

"Hapo," akasema. "Na hapo. Hapo tena."

Uzi ulikuwa bado uko hewani. Muuguzi akaniangalia, mimi nikaangalia ukuta. Mtu mzima na mvi zake, anadanganya kama mtoto aliyekojoa kitandani.

"Fumbua macho, baba."

Akaona uzi ulipo. Akavuta kofia mpaka puani.

Binti hakumcheka. Alimpima damu, sukari ikaonekana iko juu, akaeleza, nami naandika nilivyoelewa. Sukari ikizidi kwenye damu, na moshi juu yake, mwilini zinajaa chembe korofi, wenyewe wanaziita chembe huru. Kila moja imepungukiwa, inapora kwa jirani, jirani naye anageuka mporaji. Wanaoumia ni mishipa midogo ya damu, myembamba kushinda unywele. Inachubuka kwa ndani, inakakamaa, inabana. Damu haifiki vizuri vidoleni, na neva za kusikia maumivu zinakufa njaa.

"Kidole tunaweza kukiokoa," akasema, "ukikubali kwamba husikii. Na sigara basi."

Kofia ikatikisika kukubali.

Kesho yake kibandani, mguu mmoja bandeji, akavua kiatu cha mguu mzima mbele ya wateja, akaingiza mkono.

"Leo mteja ni nani, fundi?" mwalimu akauliza.

"Mmoja msumbufu," akajibu, macho chini.

Akatoa kokoto kubwa kama punje ya hindi. Alikuwa ameikanyaga toka nyumbani bila kuisikia. Akaiweka mezani, mahali pa pakiti ya sigara, kila mtu aione. Siku hiyo hakuhitaji sifa zangu.