Alama Chache Zilizopigiwa Vigelegele Kalenga

Leo kanisa zima hapa kijijini Kalenga limemshukuru Mungu kwa kushindwa kwangu.

Juzi nilimweleza baba ukweli: wenzangu ninaoomba nao vyuo vikubwa vya Marekani wana alama nyingi za mtihani wa kujiunga, mimi nimepata chache. Akatabasamu. Nilidhani ananifariji.

Leo, wakati wa matangazo, akasimama.

"Bwana Yesu asifiwe! Binti yangu ameshindana na dunia nzima. Wenzake wamerundika alama, yeye kapata chache!"

Ndugu zangu, baba anayajua matokeo ya kidato cha sita tu. Huko, pointi tatu ni shangwe, ishirini ni kilio.

Vigelegele. Mchungaji akaniita mbele.

"Haya binti, unaondoka lini?"

Mimi, niliyewahi kuukabili uongozi wa chuo kwa kipaza sauti bila kutetemeka, nilimwinamishia mchungaji kichwa.

"Niombeeni," nikasema.

Wakaomba. Baba akalia kwa furaha.

Sasa yuko sebuleni, anawapigia simu baba wadogo walioko Mbeya, mmoja baada ya mwingine.

Niambieni, enyi majasiri: nimpokonye simu, au nimwache awe baba wa msomi wa Marekani mpaka kesho asubuhi?