Shada la Patrice

Nilikwenda Toronto kufuata maiti. Mdogo wangu Elia moyo wake ulisimama akiwa kazini, kwenye ghala moja huko Brampton, nje kidogo ya jiji, na kijijini kwetu Mwika mtu huzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la babu zake. Baba aliniaga kwa maneno machache: "Ruti, mlete mwanangu. Yule mwanaume aliyekuwa akiishi naye asiguse jeneza."

Uwanja wa ndege, mwezi wa Februari. Baridi ile, jamani, isikie tu! Na aliyenipokea ni huyohuyo "yule mwanaume": Patrice, Mkongomani mwembamba, kashika koti zito la Elia. "Vaa, dada. Elia alisemaka unaogopa baridi." Nikavaa, nikaenda kukaa kiti cha nyuma cha gari.

Mtaa wa Mount Dennis ndiko lilikokuwa kanisa lao, kanisa linalowapokea wapenzi wa jinsia moja bila kuwaficha. Nilitegemea kukuta vituko. Nikakuta matanga! Magodoro yametandikwa chini, sufuria la pilau jikoni, kina mama wanaimba pambio. Tangu msiba utokee hawakumwacha Patrice alale peke yake.

Ibada ya kuaga ikafika. Mchungaji akaita wafiwa mbele. Mimi nikaenda, Patrice akabaki benchi la mwisho, kainamisha kichwa, ananiogopa mimi. Bi Filomena, bibi Mhindi wa Kigoa aliyezaliwa Nairobi, akainuka na mkongojo wake.

"Mfiwa anakaaje nyuma kama mpita njia? Simama, mwanangu."

Kanisa zima likasimama, likangoja mpaka Patrice akaja kukaa ubavuni mwangu. Hapo ndipo nilipolia, na nililia vibaya.

Siku ya kuondoka Patrice alinibebea sanduku langu la nguo. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa hazijatoka. Akivuka mpaka harudi.

"Dada, kule wakiita watu kuweka mashada, mimi wataniita?"

Nikashindwa kumdanganya: "Hawatakuita."

"Basi uniwekee."

"Nitakuwekea."

Mwika, kaburini. Msemaji wa familia akaita wazazi, akaita ndugu, nikaweka shada langu. Kisha akasema, "Marehemu hakuacha mke wala mtoto," akataka kuendelea na majirani. Nikainuka na shada la pili. Nikasema watu wote wasikie: "Hili ni la Patrice, mwenzi wake wa Toronto." Nikaliweka juu ya kaburi.

Baba akaja, akaliokota, akalitupa migombani. "Nilikutuma maiti, sikukutuma aibu. Leo nimezika wawili."

Nikarudi kwenye benchi. Mama zangu wadogo wakasogea huku na huku, nikabaki katikati peke yangu. Kumbe mtu anaweza kuwa mpita njia kwenye kihamba alikozaliwa. Hilo ndilo nililojifunza, na sikulijua mpaka niliporudi nyumbani.

Jioni Patrice akapiga simu.

"Dada, uliweka?"

"Niliweka."

Akashukuru, akashukuru tena. Hakuuliza liko wapi.