Siku Mnandi Alipomtembelea Mama Mkwe

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kisha anisikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu, hapahapa Kampemba, Lubumbashi, na hayakutokea usiku. Najua visa vya namna hii hupenda giza. Changu kilikuja mchana kweupe, majirani wakianika nguo, na mimi sikuwa nimeonja hata tone la lutuku, pombe yetu kali.

Kazi yangu ilikuwa kuvisha ndege pete. Ndiyo, pete. Kwenye ziwa la Lufira, upande wa Likasi, kuna visiwa vyenye miti mikavu ambako minandi hutaga. Mnandi ni yule ndege mweusi wa shingo ndefu anayepiga mbizi, kisha anasimama juani amekunjua mabawa ili yakauke. Wengi wa ukoo wake wanaishi baharini, lakini sisi bahari hatuna, tunao hawa wa ziwani. Kila msimu tulipanda kwenye viota, tukamshika kinda kabla hajajua kuruka, tukambana pete ya alumini mguuni, tukamrudisha. Siku akiokotwa mbali, watu watajua alikotoka. Mzungu aliyetufundisha alituonya jambo moja: kinda wa mnandi akiogopa hutapika samaki aliyeletewa na mama yake. Mwacheni samaki pale pale, alisema, kinda atamla tena.

Kisha nchi ikaanguka. Maduka yaliporwa, mishahara ikakatika, Mzungu akapanda ndege akatuachia pete na koleo. Wenzangu walikwenda Kambove kuchimba madini. Mimi niliendelea kwenda visiwani, na mtaani wakanisifu kwamba naipenda sana sayansi. Sayansi gani? Nilikuwa naokota samaki. Namshika kinda, namvisha pete, anatapika, naokota, naosha, nabanika juu ya makaa, nafunga kwenye gunia na kurudi mjini kwa lori. Mwenye njaa hana miiko.

Nyumbani nilisema nimenunua kwa wavuvi. Mke wangu Ngoie alishukuru. Aliyeshukuru zaidi ni mama yake, ambaye alikimbia vurugu za kaskazini akaja kuishi nasi. Sasa elewa vizuri: kwetu, mume na mama mkwe hawaonani ovyo. Sili mbele yake, siingii alipo, simsemeshi ila kupitia Ngoie. Na hiyo ni nyumba ya vyumba viwili! Akikaa sebuleni, mimi nabaki chumbani kama mfungwa. Mtu wa heshima hiyo ndiye niliyemlisha matapishi ya ndege, naye anayasifu: "Ngoie, ambia mukwe, hii samaki iko na utamu ya kipekee." Angejua ukweli angefunga mzigo wake, angemchukua binti yake, na ndoa yangu ingeishia kwenye kituo cha malori. Wazo hilo lilininyima usingizi kuliko milio ya risasi.

Siku hiyo Ngoie alikwenda kuteka maji. Mimi nilikuwa chumbani, mama mkwe sebuleni. Nikachungulia dirishani, nikaona mwanamke amesimama uani. Mrefu, mweusi tii, kitenge cheusi kimemganda mwilini kimelowa chapachapa, na tulikuwa katikati ya kiangazi. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili juani, hatikisiki. Macho yake yalikuwa ya kijani. Niamini, kijani cha sombe, jani la muhogo.

Mimi nilijua pale pale. Nimetumia nusu ya maisha yangu nikiutazama mkao ule. Lakini mama mkwe, Mkatoliki wa sala asubuhi na jioni, alidhani ni mtu wa kikundi cha maombi. Akatoka, akasimama kando yake, naye akanyoosha mikono. Wakakaa hivyo wote wawili, mmoja anakausha mabawa, mwingine anasali Baba Yetu.

"Amina," mama mkwe alisema hatimaye. "Ingia mama, ikala. Tuko na kantu kadogo ka kulya."

Wakaingia sebuleni, nami nikahamia kwenye ufa wa mlango wa chumbani. Akamwandalia bukari, ugali wetu, na samaki. Mgeni hakuigusa bukari. Alimchukua samaki, akamgeuza kichwa kitangulie, akainua shingo, akammeza mzima, na miiba yake. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Niliona uvimbe ukishuka shingoni taratibu. Mama mkwe alitazama, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Njala iko mubaya kweli," alisema.

"Hii samaki njo yangu," mgeni akajibu. Sauti yake ilikwaruza.

"Yako namna gani, mama?"

"Ya batoto yangu. Mi nabaletea, kisha muntu anakuya..."

Wewe ungefanya nini? Neno moja zaidi nami nimekwisha. Kuingia pale ni kuvunja mwiko mbele ya mama mkwe, kubaki ni kupoteza mke. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kifua nusura kipasuke.

"Mukwe yangu iko mugonjwa," mama mkwe alimwelezea mgeni. "Endelea, mama."

"Anabakamata miguu, banatapika. Yee anaokota. Batoto banalala njala."

Nikaingia. Sikuamua mimi, miguu ndiyo iliyoamua. Mama mkwe akajifunika uso kwa kitenge, mimi nikajifunika kwa mkono, na kwa upofu huo nikajikwaa, nikamwangukia mgeni na kumshika kifundo cha mguu. Mkono wangu una mazoea yake. Mguu ulikuwa wa baridi, wenye magamba, na juu ya kifundo vidole vyangu viligusa pete.

Basi akafanya wanachofanya wote wakishikwa. Alitapika. Samaki wale wale wa kubanikwa, weusi kwa moshi, walitoka wabichi, magamba yanang'aa, mmoja akipigapiga mkia juu ya mkeka. Nilipoinua kichwa, mgeni hakuwepo. Niliona kivuli cha mabawa tu kikivuka uani.

Ngoie alikuwa amefika mlangoni, ndoo kichwani, haelewi kitu. Mama mkwe akateremsha kitenge. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimpose binti yake, akasema nami bila mjumbe.

"Mukwe, miye najua njala. Wakati tulikimbia, bantu balininyanganya chakula ya batoto mu mukono. Balikuwa na njala, nabo. Weye usikuwe ule muntu."

"Na Ngoie, mama?" niliuliza.

"Ngoie atakungoya. Peleka samaki kwa benyewe. Yote."

Nililia, sitaficha. Kesho yake niliwafunika samaki wale kwenye beseni, nikawabeba mpaka Lufira. Kwenye kila kizuizi askari walifunua, wakameza mate, wakauliza nimewatoa wapi samaki wazuri hivi. Niliwaambia ukweli wote, kama ninavyokwambia wewe. Ilikuwa mara ya pekee katika miaka ile mimi kupita vizuizi bila kuachia kitu. Kisiwani niliweka samaki kiota kwa kiota, na minandi walinitazama kutoka juu ya miti bila kupiga kelele.

Tangu hapo, kinda nikimshika hatapiki. Mimi mwenyewe samaki siwezi kumla. Nikisikia harufu yake tu, shingo inainuka yenyewe. Mama mkwe aliishi nasi mpaka tulipomzika, na kwa kuwa mwiko ulikwisha kuvunjika, alinisemesha kutwa nzima, yote aliyoyaweka moyoni tangu harusi. Nilimpenda sana yule mama.

Kwa hiyo wewe unayecheka, nakuonya. Ukimshika mtoto, wa mtu au wa ndege, akaachia chakula chake kwa hofu, usikiokote. Mama yake atakuja. Tena usijidanganye kwamba utajifungia chumbani akukose, kwa sababu hatakuja kuongea na wewe. Ataketi na mama mkwe wako.