Upepo wa Sanamu

"Apana, mama! Pale mulangoni ni pa sanamu, wateja waone robe ya harusi."

"Na mi nikizimia huku ndani, hiyo robe nani ataimaliza?"

Patroni, mwenye karakana, na mama mmoja waligombana hivyo katika karakana ya ushonaji mtaani Jabe, ninakojifunza kazi tangu nilipoacha shule. Mama huyo ndiye fundi wetu mkubwa. Hedhi yake imekoma, na joto humpanda ghafla hadi kitambaa kinalowa mikononi mwake. Aliwahi kuugua saratani ya ziwa, kwa hiyo daktari alimkataza dawa za homoni. Alimshauri avae pamba nyepesi, apunguze chai ya moto, akae penye upepo. Kwetu mafundi upepo uko mlangoni tu, pale inaposimama sanamu ya plastiki ya kuonyeshea nguo.

Patroni alicheka. "Mama yangu alipitia hayo bila kusumbua mutu."

Je, aliwahi kumuuliza mama yake? Mwanaume huyu, feni ya mezani kwake ikizimika dakika tano, hujipepea kwa daftari la vipimo huku akiguna kama mgonjwa. Lakini plastiki isiyotoka jasho ndiyo inayostahili hewa!

Mama fundi alikunja futi yake ya kupimia, akachukua mkasi wake. Harusi ni Jumamosi, na robe, gauni la bibi harusi, bado haina mikono. Alipofika mlangoni aliigusa sanamu begani, akamgeukia patroni:

"Basi, huyu akushonee."