Hadithi Nne Zilizobaki Kwenye Diski

Mke wangu alipofariki, kompyuta yake ilibaki pale pale sebuleni, nyumbani kwetu Sokon I, kwenye meza ya dirishani. Ni kompyuta ya mezani, ya zamani, aliyoinunua alipokuwa bado anafundisha. Miaka yake miwili ya mwisho alikuwa anakaa mbele yake kila alasiri na kipaza sauti kidogo, anajirekodi akisimulia kwa Kimeru hadithi alizosikia kwa mama yake. Alitaka binti yetu, anayefanya kazi Dodoma, awe nazo. Mimi ni Mchaga. Kimeru nakisikia kidogo tu, na wala sikuwahi kukaa nikamsikiliza.

Baada ya mazishi binti yangu aliniambia, "Baba, zile hadithi za mama zihamishie kwenye flashi." Nikamwambia nitafanya. Sikufanya. Niliona nikishazihamisha, kazi ya mama yake itakuwa imekwisha, na sikutaka iishe. Badala yake nikawa naiwasha kompyuta kila asubuhi. Ikishawaka, picha yake ilitokea kwenye kioo, amesimama shambani kwao Poli, kanga kiunoni, anacheka. Namtazama, nakunywa chai yangu, nazima.

Ikaanza kuchelewa kuwaka. Mwanzoni dakika tano, baadaye chai ikawa inapoa kabla picha haijatokea. Nikadhani imejaa mno, nikafuta programu ambazo sizijui. Haikusaidia. Nikafungua boksi, nikapuliza vumbi, nikachomoa kipande cha memori na kukisugua kwa raba ya penseli, kama nilivyoona watu wakifanya. Nikabadilisha hata waya wa umeme. Ikikwama nazima, nawasha tena. Kuna siku niliwasha mara sita ndipo nikamwona.

Asubuhi moja kioo kilibaki cheusi kabisa. Nikaifunga kwenye shuka, nikaipeleka Kaloleni kwa fundi, dada mmoja mpole mwenye kibanda karibu na uwanja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Inachelewa kuwaka, na leo imegoma."

Aliichomeka, akaweka sikio kwenye boksi. Akaniita nami nisikilize. Ndani kulikuwa na kitu kinagonga, tk, tk, tk, kinanyamaza, kinaanza tena.

"Hiyo ni diski, baba, ndimo vitu vyako vyote vinahifadhiwa. Kipande cha memori hakina shida. Imeanza kugonga lini?"

Kumbe ule mlio nilikuwa nausikia wiki nyingi. Nilidhani ni feni.

"Na umekuwa ukiiwasha?"

"Kila siku. Ikikataa, nairudia mpaka ikubali."

Akashika bisibisi bila kufungua chochote. "Diski ikishafika hapo, kila ukiiwasha inazidi kujikwangua," akasema taratibu. "Ingetakiwa izimwe siku ile ya kwanza." Kisha akauliza, "Kuna nini humo?"

Nikamwambia. Akasogeza stuli, akaniambia nikae.

Alikaa nayo siku tatu, ameiunganisha na mashine yake, anavuta kinachovutika. Nilipokwenda, aliinuka kabla sijafika mlangoni, nikajua. Hadithi zilikuwa ishirini na tatu. Zilizofunguka ni nne, akaniwekea kwenye flashi. Nyingine zilikuwa na majina tu, ukizibonyeza hazisemi kitu. Picha ya shambani nayo ilikuwa imekatika, imebaki nusu ya juu, na chini kijivu kitupu.

"Pole sana baba. Nimejaribu kila njia."

Nilimwamini. Nilikaa kwenye ile stuli nikalia mbele ya wateja wake, mtu mzima na mvi zangu, na hakuna aliyenicheka.

Kumpigia binti yangu kulinishinda siku mbili. Nilipompigia nilimweleza yote, mpaka ile habari ya chai na picha. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

"Ulikuwa unataka kumwona tu," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nataka kumsikia, baba." Na hapo akalia.

Alikuja Pasaka. Tulikaa sebuleni, nikachomeka flashi kwenye kompyuta yake ndogo. Sauti ya mke wangu ikatoka, iko karibu kabisa, anakohoa kidogo kabla ya kuanza. Katika hadithi ya pili nikaisikia sauti yangu mwenyewe kwa nyuma, nauliza kwa kukereka kama chakula kitaliwa saa ngapi. Yeye anacheka, ananijibu kwa Kiswahili, "Nakuja, namalizia," anaendelea.

Kufika katikati, binti yangu akasimamisha. Akarudisha nyuma, akasikiliza neno moja, akarudisha tena.

"Hapo mama anasema nini?"

Nikalisikiliza mara tatu, nne. Sikulijua. Yeye pia hakulijua. Akabonyeza, tukaendelea kusikiliza hivyo hivyo.